Kishikio Kwenye Sifuri

Shauri Moyo, Nairobi
9 Februari 2025

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kwamba kifua kilichokusumbua wakati wa Krismasi kimetulia na kwamba unalala vizuri. Mimi sijambo. Barua hii nimeitia ndani ya kifurushi cha dawa zako, kwa kuwa masikio yako hayapokei tena simu, na ujumbe mfupi kwenye kabambe yako, simu ile ndogo, haubebi maneno mengi kama ninayotaka kusema leo.

Nimeifungua karakana yako ya useremala. Chuo kilipotupunguza sisi walimu wa muda, nilifikiri kwa majuma kadhaa, wala sina hakika kwamba nilifikiri vyema. Lakini nimeamua kuifufua kazi yako. Msumeno wa meza uliuuza wewe mwenyewe. Kilichobaki chenye thamani ni mashine ya randa, nami niliikuta chini ya turubai kama ulivyoiacha, waya wake ukiwa umekatwa karibu na ukuta. Ngoma inayobeba visu ilikuwa imeganda kwa kutu. Kwa siku nne nimekuwa nikiifungua: mkanda, puli, visu vitatu, kabari zake, beringi mbili. Kila kilichotoka nimekipiga picha na kukitia kwenye mkebe wenye namba. Musab wa duka la misumari hapo jirani huja kila saa kumi kunicheka. Jana aliniambia, "Mwalimu, kufungua hata panya anafungua. Ngoja siku ya kurudisha, tutakuitia pasta akuombee."

Nilipokuwa nikisugua visu nilishindwa kutomfikiria Opicho, msaidizi wako. Ni mashine hii ndiyo iliyomkata vidole vinne vya mkono wa kulia, Oktoba 2022, mimi nikiwa Eldoret nikifundisha. Ulinieleza kwamba stima ilipotea, naye akaanza kuchokoa maranda yaliyoziba bila kuizima mashine. Stima ikarudi, ngoma ikazunguka. Ulisema pia kwamba alikuwa ametoka matangani na pombe ilikuwa bado mwilini. Sijui yuko wapi siku hizi. Je, unajua?

Naomba pia unieleze beringi hurudishwaje bila kupasuka, na visu hupimwaje.

Mwanao,
Khalayi


Kimilili
20 Februari 2025

Khalayi, mama yangu, uliyebeba jina la mama yangu,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Dawa zimefika. Kifua kimetulia kidogo, mahindi tumepalilia, na shangazi yako Muhonja anakusalimu, ingawa mimi najua amesema hivyo kwa kumtazama midomo tu.

Nimefurahi na nimeogopa. Sikiliza. Beringi usiigonge na nyundo. Weka kipande cha mbao ngumu katikati, ugonge polepole ukizunguka, upande huu na upande ule, kama unavyofunga mfuniko wa sufuria. Grisi kidogo, ukiijaza itapata joto. Visu utavipima hivi: chukua ufito ulionyooka, ulaze juu ya meza ya nyuma, zungusha ngoma kwa mkono. Kisu kiuguse ufito na kuusukuma mbele kama upana wa ukucha wako. Kikiusukuma zaidi, kiko juu mno. Kisipougusa, kiko chini. Fanya kila kisu, mwanzo na mwisho wake. Kaza kabari kidogo kidogo, zote, kisha rudia. Kabari moja ikilegea, kisu kitatoka kama risasi.

Swichi ile ya kijivu itupe. Nunua mpya, ile ya vibonyezo viwili, kijani na chekundu, ambayo stima ikipotea hujizima yenyewe na haiwaki tena mpaka uibonyeze. Usiifungue ile ya zamani. Haina kazi. Itupe tu.

Opicho alihamia Njiru. Mwache. Alipiga magoti mbele ya kanisa hapo Shauri Moyo akatubu, na mimi kama mzee wa kanisa nilimwekea mkono kichwani. Hayo yalikwisha.

Baba yako


Shauri Moyo
8 Machi 2025

Baba mpendwa,

Nakutakia afya na utulivu. Hapa mvua imeanza kutishia bila kunyesha. Mafunzo yako yamenifaa kuliko kitabu chochote. Beringi zimeingia salama, visu vyote vinausukuma ufito upana uleule, na ngoma inazunguka kwa kidole kimoja. Ilibaki washa moja mezani, ile pete bapa ya chuma ya kuweka chini ya nati, isiyo na makao. Musab aliishika juu akauliza, "Na hii umeipea likizo?" Nilifungua upande mzima wa puli tena hadi nikapata mahali pake.

Baba, niliifungua swichi. Uliponiambia mara mbili katika aya moja niitupe, nilishindwa kuitupa. Pengine huo ni ukaidi wa darasani.

Nilichokiona ni hiki. Ndani mna vibati viwili vya shaba ambavyo hugusana ukiwasha na kuachana ukizima. Hivi vya kwako vimeyeyuka vikashikana. Nilikigeuza kishikio cha nje kutoka moja, alama ya kuwasha, hadi sifuri, alama ya kuzima, na kutoka sifuri hadi moja, mara nyingi. Kishikio kinaitika, kinalia "tak" kama kawaida, lakini vibati haviachani. Mtu anayeizima swichi hii ataamini ameizima, nayo haijazimika.

Nimejaribu kutokimbilia hitimisho. Yawezekana viliyeyuka baada ya ajali, ingawa mashine haikutumika tena. Yawezekana Opicho hakukigusa kishikio, kama ulivyosema, na ubovu huu ni jambo la kando. Lakini nakumbuka kwamba Opicho, tangu hospitalini, alikuwa na sentensi moja tu: "Nilizima." Wewe ulisema ulipofika ulikikuta kishikio kwenye moja. Mimi nami nilikikuta kwenye moja chini ya turubai. Ikiwa Opicho alikigeuza kwenye sifuri, nani alikirudisha?

Niambie nimekosea. Nitalipokea jibu lolote, ila kunyamaza.

Mwanao,
Khalayi


Shauri Moyo
12 Aprili 2025

Baba,

Natumaini u mzima. Shangazi Muhonja aliniambia kwenye simu kwamba unakula, unatembea hadi mtoni, na kwamba barua yangu ya Machi iko chini ya mto wako. Kwa hiyo najua umeisoma.

Nilikwenda Njiru, kupita kituo cha Barabara ya Kangundo, hadi kwenye nyumba zinazojengwa ambako Opicho analinda lango. Sikumwambia habari ya swichi. Nilitaka kwanza kumwona, kisha nikakosa ujasiri. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili lililo kweli. Anafungua lango kwa kiwiko. Alikuuliza hali. Alisema, "Mzee ni mtu wa Mungu, hakunifukuza kanisani."

Nilimwuliza anakumbuka nini kuhusu siku ile. Alinijibu, "Zamani nilikuwa nakumbuka nimezima. Nilikuwa nauona mkono wangu ukizima kabisa. Lakini watu wote walisema sikuzima, na ni kweli nilikuwa nimeonja busaa matangani jana yake. Sasa hata nikikumbuka, naambia akili yangu, wewe nyamaza, ulikuwa mlevi." Mkewe, Kageha, humngoja mlangoni kila jioni na kumnusa mdomo kabla hajaingia. Tangu ajali hajaonja tone. Bado ananuswa.

Baba, mtu huyu si vidole tu alivyopoteza. Hayaamini tena macho yake mwenyewe. Kama kuna neno linaloweza kumrudishia hilo, liko kwako, na unalilalia.

Mwanao,
Khalayi


Kimilili
25 Aprili 2025

Khalayi mama yangu,

Hujambo? Huku mvua imekuja. Mimi mwili hauna neno. Neno liko kwingine.

Nitaandika mara moja, sitarudia. Siku ile nilikuwa nje, napanga mbao. Masikio yalikuwa yamebaki robo tu, kwa hiyo sikusikia kelele. Niliona Musab anakimbia. Nilipoingia, Opicho alikuwa chini. Niliweka mkono juu ya meza ya mashine, nikahisi inatetemeka. Ilikuwa inazunguka. Nikatazama kishikio. Kilikuwa kwenye sifuri. Alikuwa amezima, Khalayi. Mtoto wa watu alizima kama nilivyomfundisha.

Nilikata stima ukutani. Musab alikuwa amemfunga Opicho mkono kwa shati, wamenipa mgongo. Ndipo nikakigeuza kishikio kwenye moja. Hakuna aliyeniona. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Unataka kujua kwa nini. Utoe mfuniko wa swichi, utazame upande wa ndani. Uliandika tarehe kwa penseli. Ni swichi uliyoninunulia sokoni Gikomba mwaka ule vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, ukaifunga kwenye msumeno. Nilitaka ya vibonyezo, ukaniambia swichi ni swichi, Baba. Swichi ya mashine ya randa ilipoungua mwaka wa 2022 nilikupigia simu nikakuuliza: ile ya msumeno itabeba randa? Ukaniomba nikusomee namba za kwenye mota. Ukapiga hesabu, ukasema itabeba. Nikaihamisha.

Nilipoona kishikio kwenye sifuri, sikumwona Opicho. Nilikuona wewe na hesabu yako. Nilisema moyoni, vidole vyake vimeshakwenda, havirudi. Kwa nini na mwanangu akatike? Baadaye alipokuja kutubu nilitaka kumzuia. Watu walikuwa wanaimba. Nikaweka mkono.

Sasa unajua. Mimi ni mzee, na wewe una jina la kulinda. Liache hapa.

Baba yako


Shauri Moyo
4 Mei 2025

Baba,

Nakusalimu. Sitauliza hali yako leo, kwa kuwa nadhani naijua, nawe unaijua yangu.

Tarehe ipo. Ni mwandiko wangu, na chini yake nimepiga mstari, kama mtu aliyeridhika na kazi yake. Ile simu yako niliitafuta akilini siku mbili kabla haijatokea: nilikuwa nikielekea kusimamia mtihani, nawe ulinisomea namba ukipiga kelele. Nilikokotoa stima ambayo mota hula inapokuwa tayari inazunguka. Sikukokotoa ile inayovuta inapoanza, ambayo ni mara tano au sita zaidi, na ndiyo inayoyeyusha shaba. Mada hiyo nimeifundisha ubaoni. Sikusahau kwa kutojua. Nilisahau kwa haraka.

Huenda ni kosa langu lote. Huenda ni langu na lako, kwa kuwa wewe ulitaka swichi iliyo sahihi na ukaniachia kwa sababu nilisoma. Nimeyapima kwa kila njia na mizani haitulii. Lakini kuhusu kishikio sina shaka, Baba, nami kwa kawaida huwa na shaka juu ya kila kitu. Hukunilinda mimi kwa kitu chako. Ulinilinda kwa kitu cha Opicho.

Jana nilirudi Njiru na swichi ndani ya bahasha. Niliwaonyesha Opicho na Kageha, nikageuza kishikio, nikawaacha wavitazame vibati. Niliwaambia aliyeinunua na kuipigia hesabu ni mimi, na aliyekigeuza ni wewe. Kageha ndiye aliyezungumza kwanza. "Sasa hii nifanye nayo nini, mwalimu? Miaka miwili na nusu nimenusa mume wangu kama mbwa wa polisi!" Kisha akatoka nje, nasi tukamsikia akiosha sufuria ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.

Opicho aliichukua kwa mkono wa kushoto akaigeuza kwa dole gumba. Tak. Tak. Tak. Aliniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia, "Sasa mimi nilitubu nini?"

Ombi lake ni moja. Anataka uje usimame palepale alipopigia magoti, useme kwamba alizima. Anasema mimi nikisema haitoshi. Mimi sikumwekea mkono. Nimeshazungumza na mchungaji: Jumapili ya tarehe moja Juni.

Naomba uje.

Mwanao,
Khalayi


Kimilili
16 Mei 2025

Khalayi mama yangu,

Salamu. Barua imefika. Nimekaa nayo siku nne.

Nitakuja na basi la Jumamosi. Usiende kunipokea, najua njia. Beba daftari na kalamu uniandikie watakayosema, maana sitaki kusimama mbele ya watu kama gogo. Jambo lako lile la hesabu sitalitaja. Hilo usiniombe.

Baba yako


Shauri Moyo
9 Juni 2025

Baba mpendwa,

Natumaini safari ya kurudi haikukuchosha, na kwamba shangazi alikuwa amekuwekea maji ya moto. Hapa tuko salama. Mashine ya randa imekamilika. Niliifunga swichi ya vibonyezo, nikaiwasha, nikaenda ukutani nikakata stima, kisha nikairudisha. Nilisimama mbali dakika nzima nikiitazama. Haikujiwasha. Musab alileta ubao wa mvule uliopinda, na tulipoupitisha ulitoka laini pande zote. Alisema, "Basi, pasta tumrudishe kwake." Sikucheka kama alivyostahili.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo jingine, na nimeanza barua hii mara tatu.

Jumapili ile ulisimama vizuri. Ulipaza sauti kama mtu anayezungumza juu ya mashine, baadhi ya vijana wa kwaya wakacheka mwanzoni, kisha hakuna aliyecheka. Ulisema, "Opicho alizima. Mimi nilikigeuza. Mkono niliomwekea kichwani ulikuwa mkono wa uongo." Ulisema ulikigeuza kwa kulinda nyumba yako, wala hukusema nani. Nilisimama nami nikasema ni nani. Ulinitazama midomo, nadhani ulielewa, maana uliketi.

Ndipo Opicho alipokuja mbele. Alizungumza nawe, karibu sana, nami nikiwa kando yenu, bila kipaza sauti, akijua husikii. Ukanigeukia ukauliza kwa sauti iliyofika hadi barabarani, "Amesema nini?" Kanisa zima lilingoja. Niliandika neno moja kwenye daftari: Amekusamehe. Ulilifuata kwa kidole, herufi kwa herufi. Ukalia, ukaushika mkono wake wa kushoto, naye akakuachia uushike. Kesho yake ulipanda basi ukiwa mwepesi, jinsi ambavyo sijakuona tangu Mama afariki.

Opicho hakusema hivyo.

Nimejieleza kwa njia nyingi tangu siku ile. Nilijiambia kwamba umri wako hauruhusu, kwamba yeye angelisema neno hilo siku moja, kwamba nilitafsiri nia badala ya maneno. Baadhi ya sababu hizo zaweza kuwa njema. Sina uhakika hata sasa kwamba kukuandikia haya ni wema na si kujisafisha. Lakini juzi Opicho alipita karakanani. Alisimama mlangoni, mbali na mashine, akaniuliza, "Mzee alisemaje aliposoma maneno yangu?" Aliamini nimeyaandika. Kageha, aliyekuwa nyuma yangu kanisani na aliyeona nilichoandika, hakuwa amemwambia.

Nilimwambia ukweli. Alitikisa kichwa kwa muda. Hakupandisha sauti. "Kumbe nyinyi," alisema, "mtu akisema kitu lazima mkirekebishe kwanza." Kisha akaondoka kuelekea Gikomba kwa miguu.

Mara ya kwanza alisema "nilizima," nawe ukaligeuza kabla halijafika kwa watu. Mara ya pili alisema neno lake kwako, nami nikaligeuza kabla halijafika machoni pako. Sina haki ya kulishika hata siku moja zaidi. Nisamehe kwa kukupokonya ulichokwenda nacho. Haya hapa, Baba, kama alivyoyatamka mbele yako:

"Nimekusikia, mzee. Asante kwa kusema. Kusamehe sijaweza, na usiniombee, kwa sababu siku ile ulikuwa unanishika kichwa na ulikuwa unajua."

Hayo ndiyo yote. Sikuongeza, sikupunguza.

Mwanao,
Khalayi